Tundu Linalopiga Kelele

Nimekuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya kazi hii ni masikio. Bomba likivuja chini ya sakafu, naligusisha ncha ya bisibisi ndefu, mpini naubana sikioni, nazuia pumzi, nasikiliza. Siku hizi kuna mashine za kazi hiyo. Wenye mashine wabaki nazo.

Basi mjukuu wangu alipozaliwa na tundu moyoni, nisingeweza kukaa nisisikilize. Tulimwita Bosi, kwa sababu hakuna aliyekula wala kuoga pale nyumbani bila ruhusa yake. Daktari wa moyo, mama mmoja mpole aliyening'iniza miwani shingoni, alituambia kuwa tundu liko kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, upana wake milimita tano.

"Moyo wake bado unajijenga," alisema. "Tungoje. Mengi huziba yenyewe. Lisipoziba, tutampasua."

Binti yangu, mama yake Bosi, alishika neno kungoja. Mimi nilishika kupasua.

Nilikuwa na sababu. Miaka miwili kabla ya hapo nilishikwa na shambulio la moyo nikiwa nimelala chali chini ya sinki la watu. Nilipopata nafuu niliuliza kama ile sehemu iliyokufa itaota upya. Wakanijibu kwamba pamefunga kovu, na kovu halisukumi damu, lipo tu kama mgeni asiyejua kuaga. Tangu siku hiyo, kwangu mimi moyo ulikuwa kitu kisichojikarabati, na hakuna ambaye angenibadilisha mawazo.

Kila jioni, binti yangu akiwa jikoni, nilimlaza Bosi kitandani na kumwekea sikio kifuani. Bisibisi sikuthubutu. Mwanzoni ilikuwa fff ndogo ya mbali katikati ya mapigo. Alipofikisha miezi minne, ikapanda. Miezi saba, nilikuwa naisikia hata kabla sikio halijatulia. Nikajua tundu linapanuka. Sikumwambia mtu. Binti yangu alikuwa akiimba kila anapomwogesha mtoto wake, sasa ningeanzia wapi? Hofu ikanigeuka hasira, nikawa nagombana hata na koki za watu, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nyumbani wamenifukuza.

Siku ya kliniki nilifungasha mkoba kimyakimya: shuka mbili, nepi, blanketi, na mswaki wa binti yangu. Niliamini watalazwa siku hiyohiyo, na mtoto atafunguliwa kifua.

Daktari alimpaka Bosi ute wa baridi kifuani, akaanza kupitisha kipimo chake cha kupiga picha ya moyo huku akitazama skrini. Akarudia palepale, akapima tena. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, usitufiche. Sauti imeongezeka, mimi naisikia kila siku. Tumekuja tumejiandaa, mkoba huu hapa."

Binti yangu aligeuka. "Baba! Mkoba gani? Imeongezeka tangu lini?"

"Tangu ana miezi minne."

"Miezi yote hii, na mimi mama yake hukuniambia?"

Daktari akavaa miwani yake vizuri.

"Mzee, sikio lako halijakudanganya. Sauti imeongezeka kweli. Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi bomba."

"Haya. Mpira wa maji ukiubana mdomo kwa kidole, kelele inapungua au inazidi?"

"Inazidi," nilisema. Bomba lililopasuka vibaya humwaga maji kwa sauti nzito, ya chini. Ufa mwembamba ndio unaopiga mluzi. Wateja nimewaeleza hivyo maisha yangu yote. Kweli mganga hajigangi.

"Milimita mbili," alisema daktari. "Kutoka tano. Nyama ya moyo inakua kutoka pembeni na kulifunga. Moyo wako, mzee, ulikuwa umeshamaliza kujengwa ulipoumia, ndiyo maana ukaweka kovu. Huyu bado yuko kazini."

"Kwa hiyo hapasuliwi?"

"Nani, huyu? Hebu mtazame mashavu! Mrudisheni nyumbani, tuonane baada ya miezi sita. Na siku ukisikiliza usiisikie tena hiyo sauti, ujue hapo pamekaribia kufungwa kabisa, au pameshafungwa."

Nikajikuta nimeukalia ule mkoba. Nililia mbele ya watu, na wala sikuona haya. Binti yangu alitaka kuendelea kunigombeza, nikamwona anajitahidi kabisa, lakini alipofungua mkoba na kukuta mswaki wake umefungwa ndani ya nepi, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Siku nyingine ukisikia kitu, niambie," alisema akijifuta macho. "Hata kama ni upuuzi. Tuogope wote."

Nikaahidi, na ahadi nikaitunza. Kila jioni nilimtangazia hali kwa sauti mpaka jikoni, naye akawa ananijibu kwa kugonga mwiko kwenye sufuria.

Bosi alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti nilipomlaza jioni moja kama kawaida. Nikaweka sikio. Nikahama kidogo kushoto, nikarudi. Nilisikia mapigo mawili, kisha mapigo mawili, na katikati yake palikuwa patupu.

"Baba," binti yangu aliita, "mbona leo kimya? Unasikia nini?"

"Sisikii kitu," nilisema. "Mwanangu, njoo. Sisikii kitu kabisa."

Alikuja mbio na mikono yenye unga, akapiga magoti, akanisukuma pembeni aweke sikio lake.