Kikohozi cha King'ora

"Babu, vitabu hivi viwili vinagombana," mjukuu alisema, akavifunua mezani. "Cha kampuni kinasema wagomaji walirudi kazini kwa hiari. Cha chama cha wafanyakazi kinasema meneja alipiga king'ora kwa mkono wake, watu wakadhani mgomo umekwisha. Nani alivuta mnyororo wa king'ora?"

Mzee aliikunja miwani yake. Kwa miaka arobaini, yeye aliyekuwa mpiga king'ora wa kiwanda aliheshimiwa kwa jina la Mzee Mgumu, mtu aliyekataa kuuvuta siku ya mgomo.

"Andika kama chama kilivyoandika."

Bibi mfumaji, jirani yake tangu enzi za kiwanda, aliyeketi nao mezani, aliangua kicheko. "Meneja yule! Siku alipojitia kuwapigia wageni wake, king'ora kilimkoholea maji, akalowa mpaka tai!"

"Na asubuhi ile ya mgomo, bibi, ulisikia nini?"

"Nilikuwa langoni, nimemshika marehemu mume wangu mkono. King'ora kikalia, safi kama kinanda. Akaniponyoka. 'Wenzetu wamekubaliana,' akasema, akaingia. Nasi tukamfuata. Kesho yake wakamfukuza, yeye wa kwanza."

Mjukuu akaandika: safi. Kwake lilikuwa neno tu.

Mzee alijua maana yake. Usiku kucha mvuke ulipoa ndani ya bomba ukawa maji; asiyeyatoa kwanza kwa bilula ndogo iliyokuwa chini, king'ora kilimkoholea. Bilula ile hakumwonyesha mtu. Asubuhi ile meneja alisimama nyuma yake, akataja nyumba ya kampuni aliyokaa mzee, akataja na mimba ya mke wa mzee iliyokuwa ya miezi tisa. Mzee akainama, akayamwaga maji, akangoja, akavuta. Hata usaliti aliufanya kwa ustadi.

Kicheko cha bibi kilikuwa kimekatika. Alimtazama mzee kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika katikati ya kitambaa.

"Basi ni nani, bibi?"

"Muulize shemeji yangu huyu," alijibu polepole, akimwelekezea mzee kidevu. "Mimi masikio yameshazeeka."

"Futa," mzee alisema.

"Nifute nini, babu?"

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeshuka kando ya kiti, chini kabisa, nao ukizungusha hewa taratibu, kama afunguaye kitu kidogo chenye kutu. Mjukuu aliutazama, kalamu ikingoja juu ya karatasi.