Udi wa Ijumaa

Aidarus alipokataa kanzu yake ifukizwe udi, Mahfudha alijua pana jambo. Mtaa mzima wa Kibokoni hakuna mwenye mke aendaye swala ya Ijumaa na nguo isiyonukia. Watu watasema mkewe hana kazi. "Iwate hivyo hivyo," mumewe alimwambia, akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa juu ambao Mahfudha hafikii.

Mahfudha si mwanamke wa kudanganywa mara mbili. Siku zile mumewe alipokuwa akivuta afyuni, kabla vita vya Wazungu havijesha, alikuwa akirudi kutoka mtaa wa Bondeni akinukia kama bwana harusi, naye, maskini, akifurahi. Kumbe kajifukiza huko huko kuua harufu. Alipogundua alitoa neno mbele ya wazee wa pande zote mbili: akirudia, ataomba talaka. Aidarus akaacha, akaugua, akakonda, akarudia useremala wake. Tangu hapo Mahfudha hunusa kila kitu, kofia, mto, hata taulo. Sasa mtu hataki nguo yake iguswe. Kaficha nini?

Mumewe alipoingia kukoga, Mahfudha akapanda kiti akaishusha kanzu. Mfukoni mkatoka kitabu kilichofungwa kitambaa. Akakitikisa, akitaraji kidonge cheusi cha afyuni kidondoke. Hakikudondoka kitu. Zilikuwa herufi za Kizungu, naye alisomea za Kiarabu tu. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe.

Aidarus akatokea, maji bado yanamchuruzika.

"Wanificha nini, bwana?"

"Ni kitabu. Kaniazima Karisa, yule dresa afungaye watu vidonda hospitali. Ni cha watu walioshikwa na ulevi na afyuni, na jinsi walivyotoka."

"Asomaye habari za afyuni ni yule aitamaniye. Haya, nisomee hapo ulipokunja."

Hakumwamini hata kidogo. Alimkodolea macho usoni amkamate akitunga. Aidarus akaketi, akawa anafasiri polepole, kidole juu ya mstari. Kitabu kilisema tamaa huamshwa na vitu vilivyokuwa pamoja nayo: chumba, rafiki, harufu. Anayetaka kupona aviepuke, hata vikiwa vizuri.

"Kule Bondeni," akasema bila kumtazama, "kila nikimaliza kuvuta nalikuwa nikijifukiza udi. Sasa ukiwasha chetezo, mate yanijaa kinywani, miguu yataka kwenda. Kila Ijumaa natoka hapa nikipigana na nafsi yangu mpaka msikitini."

"Mbona hukun'ambia?"

"Ungeniamini?"

Mahfudha alikitazama chetezo, makaa yake tayari yakiwaka. Udi ule alikuwa akiununua kwa kujinyima, na kila Ijumaa alijisifu moyoni kwamba yeye ni mke anayemtunza mumewe. Aliona haya, na aliogopa. Wasiwasi haukumtoka wote, maana mtu haponi kwa ukurasa mmoja. Lakini alikwenda akakimwagia chetezo maji.

"Wacha waseme sina kazi," akasema.

Akamvisha kanzu isiyonukia kitu. Alipokuwa akimfunga kifungo cha shingoni, uso wake karibu kabisa na kifua cha mumewe, alizuia pumzi asije akamnusa.