Shahidi wa Akidi

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa sabini na saba, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Siku hiyo Akidi, binti wa Saverio Okeny wa Kawempe, aliitwa ofisini kule chuo kikuu akaambiwa ameiba mtihani. Majibu yake na ya rafiki yake Nasike kwa swali moja yalifanana neno kwa neno, kama mapacha waliovalishwa kitambaa kimoja. Wakawekewa karatasi mezani: tieni sahihi kwamba mmeiba, mkae nyumbani mwaka mmoja, kisha mrudi. Anayekataa atakwenda mbele ya kamati, na kamati ikishamsikiliza, asahau masomo.

Nasike alitia sahihi palepale akapanda basi kurudi kwao Kenya. Nani wa kumlaumu? Mwaka ule watu walichukuliwa na askari wa serikali kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine bila kosa lolote ila jina tu. Jina la kaskazini, machoni pa serikali ya wanajeshi, lilikuwa kosa tosha.

Akidi hakutia.

Saverio alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya polisi mpaka walipomwachisha kazi pamoja na wenzake wa kaskazini. Shule alikuwa ameionja tu. Mkewe Joska alifia hospitali kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwapo, ila ilifungiwa kabatini ikiwangoja wakubwa. Tangu hapo hakumwamini mtu aliyekaa nyuma ya meza. Hata hivyo, binti alipomweleza, neno lake la kwanza lilikuwa atie sahihi tu, maana mwenye nguvu mpishe. Akidi akamuuliza kama mama angetia. Saverio alikwenda kuchukua koti lake, lile alilovaa mazikoni, akaanza kulipiga vumbi.

Joska alikuwa akifundisha katekisimu. Parokia yao haikuwa na vitabu, basi alifundisha kwa mchi. Wasichana wanatwanga simsim, ule ufuta, mmoja anauliza, mwingine anajibu kwa mdundo wa mchi. Aliyekosea neno anawarudisha wote mwanzo. Askofu alipokuja, walimjibu kwa sauti moja, bila kupunguza neno. Askofu aliwapa kipaimara. Hakuwaita wezi.

Na chuo kikuu nacho, pamoja na ukubwa wake, kilikuwa kimefika palepale pa parokia. Vitabu haviji, karatasi hakuna, walimu wanakimbia. Aliyebaki katika darasa la kina Akidi alikuwa Mwalimu Owino, Mkenya, mtu wa mzaha. Aliwaambia karatasi imekwisha lakini vichwa bado, akawa anasema somo na darasa linarudia mpaka likakaa kichwani. Akidi akalileta nyumbani, yeye na Nasike wakalitwanga nyuma ya nyumba kwa mchi wa Joska. Saverio alikaa kizingitini akisikiliza. Hakuelewa kitu, ila mdundo ukiruka alijua wamekosea.

Mtihani ulipokaribia, Mwalimu Owino akakosekana. Watu walisema gari lilimsimamia mtaani Kabalagala likamchukua mchana kweupe. Baadaye watu hao hao wakasema hawakusema.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye mapazia mazito. Mwenyekiti, bwana mnene wa sauti laini, alikuwa na wenzake waliotazama vidole vyao. Pembeni alikaa mtu wa miwani myeusi na viatu vya kisigino kirefu, mavazi ya watu wa usalama, ambaye hakuna aliyesema anafundisha somo gani. Mwenyekiti akaanza kwa Kiingereza. Saverio, aliyemsindikiza binti yake, akainua mkono.

"Bwana mkubwa, redio ya serikali ilisema Kiswahili ni lugha ya taifa. Ama redio ilidanganya?"

Mtu wa miwani akacheka. Mwenyekiti ikambidi aingie kwenye Kiswahili, akakizungumza kama anayekanyaga miiba.

Akidi alieleza habari ya mchi kuanzia mwanzo. Kisha akaomba aulizwe swali lile lile la mtihani, palepale. Mwenyekiti akamuuliza kwa dharau, akaishika karatasi ya majibu akifuatisha kwa kidole. Akidi alijibu akiwa amesimama, mikono nyuma, wayo ukigonga sakafu polepole. Kidole cha mwenyekiti kilikwenda, kikakata kona, kikashuka, kikafika chini kabisa. Hakuna neno lililopotea.

Mwenyekiti akaikunja ile karatasi. "Huko ni kukariri kama kasuku," akasema. "Nani alikufunza wizi wa namna hii? Mama yako?"

Saverio alikuwa amekuja kuomba. Njia nzima kutoka Kawempe alikuwa akiyapanga maneno ya kuomba, na yalikuwa mazuri. Yalimtoka kichwani yote. Akasimama.

"Bwana mkubwa, kwenye bendi tulikuwa watu wengi. Tunapiga wimbo wa taifa, wote wimbo mmoja, hakuna anayekosa. Wewe ulikuwa unasimama pale. Ulituita wezi, ama ulivua kofia?"

"Mzee, keti."

"Nitaketi sasa hivi. Mtoto anasema maneno ni ya mwalimu. Basi mwiteni mwalimu. Akikana, mfukuzeni huyu mtoto, mimi mwenyewe nabeba sanduku lake mpaka getini."

Mwenyekiti akasema Mwalimu Owino hapatikani. Saverio akauliza kama amehama. Akauliza kama yuko likizo. Wale wengine wakazidi kutazama vidole. Mtu wa miwani alikuwa ameacha kucheka zamani.

"Mzee," mwenyekiti akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, "tafadhali."

"Mnamhukumu mtoto, na shahidi wake mnaye ninyi," Saverio akasema. "Yuko wapi?"

Hapo ndipo wakubwa walipokwama. Kumfukuza Akidi kulitaka waandike kwa nini shahidi hakuitwa. Kumwachilia kulitaka waandike jina la Mwalimu Owino, mtu waliyeogopa hata kumtaja, kwamba ndiye aliyefundisha. Wakanong'onezana, mwisho wakaamua: kesi ingoje mpaka shahidi apatikane. Akidi hajafukuzwa, na darasani haruhusiwi. Wasomi wazima, na hiyo ndiyo hukumu yao.

Walimletea tena ile karatasi ya sahihi mpaka nyumbani. Akidi alimwambia mletaji airudishe, kisha akaendelea kutwanga, na somo la Mwalimu Owino likaendelea kusikika mpaka barabarani, sehemu ya swali na sehemu ya jibu zote akizisema mwenyewe.

Saverio naye kila Jumatatu huvaa koti la mazikoni akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ile. Karani alimnong'oneza kwamba atawaletea matatizo. Yeye akamjibu kuwa matatizo aliyakuta. Majirani humsihi aache, wanamwambia watamchukua na yeye. Huwaambia wakimchukua, angalau atajua wanakopeleka watu.

Mwenyekiti siku hizi hupitia mlango wa nyuma. Wakikutana bahati mbaya, Saverio huvua kofia, humsalimu kwa heshima zote, kisha humuuliza kwa sauti ya kusikika korido nzima:

"Bwana mkubwa, shahidi wa binti yangu yuko wapi?"