Utando wa Juu ni wa Mgeni

Nakhle Sarrouf hajawahi kuzama. Mwaka sabini na sita wanamgambo walipoiteka barabara, alikuwa juu. Walipofukuzwa, waliowafukuza walimkuta juu. Leo ni mwenyekiti wa halmashauri ya mji wetu, hapa pwani ya Lebanoni, na hoteli iliyosimama juu ya majaruba ya chumvi ya marehemu baba yangu ina picha yake ukutani, anakata utepe, tumbo limetangulia. Mimi sina kinyongo. Nina tarehe tu.

Kiangazi hiki aliyataka majaruba kumi na mawili ya mwisho, ya mjane Mama Fares, yaliyochongwa mwambani na babu wa marehemu mumewe. Hakusema anataka hoteli ya pili. Alisema anajali afya zetu. Yeye ambaye mfereji wa maji machafu wa mji tulimwomba tangu mwaka tisini na nne, ghafla usingizi haumjii kwa kuwaza matumbo yetu. Akaita mtaalamu wa maji kutoka mji mkuu.

Alikuja Daktari Rindala, binti mpole mwenye sanduku la barafu na chupa kumi na mbili. Hapo ndipo ustaarabu wetu ulipotumaliza.

Maji ya bahari yakikaa juani siku nyingi ndani ya jaruba, alasiri isiyo na upepo chumvi huanza kuganda juu kabisa, utando mweupe mwembamba kama malai juu ya maziwa. Utando ule kwetu hauuzwi. Ni wa mgeni. Hata mkusanya kodi wa mwaka sitini na tisa alipewa, na alikuwa amekuja kumkamata babu yangu. Basi daktari alipoomba maji ya kupima, Mama Fares alichukua ubao wake wa kukwangulia akapita jaruba kwa jaruba akimtafutia cha juu. Siku ile kulikuwa na upepo, utando haukuganda. Akakusanya povu lililosukumwa pembeni, akajaza chupa zote, akazitoa kwa mikono miwili. Daktari alikuwa kivulini, mwenyekiti akimnywesha kahawa.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Bromidi imezidi kiwango. Majaruba yafungwe mwisho wa mwezi, ila mmiliki akipenda anaweza kujitetea mbele ya halmashauri siku ya Alhamisi. Mama Fares aliniletea barua ile ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa cha mkate.

Mimi niliishia darasa la tano. Shule ilipigwa kombora. Tangu hapo nasoma chochote kinachoshikika, na kwa sababu nimezaliwa ndani ya chumvi, nimesoma chumvi. Ikiyeyuka, huvunjika vipande vidogo mno vyenye umeme, vinaitwa ayoni. Sasa sikiliza vinavyoishi, uniambie kama huwajui watu wa namna hiyo. Kuna vile vidogo, vigumu, kama sodiamu. Hivyo maji huvikumbatia kila upande, navyo havitaki kupanda juu, maana juu maji yapo upande mmoja tu, upande wa pili ni hewa tupu. Hubaki chini, kazini. Halafu kuna vinene, laini, vinavyobonyea ukivigusa: bromidi, na iodidi kuzidi. Maji hayavishiki sana. Vinasukumwa juu, vinajipanga usoni, vinapunga upepo. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani mwandishi amewahi kuhudhuria vikao vya halmashauri yetu.

Uso huo ni kama ngozi ya maji, nyembamba kupita kiasi; ukichota ndoo hutaiona. Lakini povu ni kitu gani? Ni ngozi tupu, imekunjwa juu ya ngozi. Ukijaza chupa povu, umejaza bromidi.

Alhamisi nilisimama nikayasema hayo yote, nikiwaacha wenyewe wapime nani mnene na nani laini. Ukumbi ukaanza kucheka chini chini. Nakhle alingoja nimalize.

"Tumshukuru profesa wetu wa darasa la tano."

"La tano, ndiyo, bwana mwenyekiti," nikamwambia. "Ungeijenga upya ile shule ningefika la sita."

Daktari Rindala peke yake hakucheka. Alimgeukia Mama Fares, akamuuliza zile chupa alizijazaje. Mama Fares akaeleza kwa fahari, pembe kwa pembe, alivyohangaika kupata cha juu. Uso wa daktari ukaiva. Akasema mbele ya wote kwamba alipaswa kusimama pale mwenyewe, na kwamba alichopima ni povu. Maji bado hayajapimwa. Atarudia kesho. Nakhle akasema siku ya kufunga imekwisha kupangwa, barua imetoka. Daktari akamjibu kwamba barua ni yake na ataiandika upya akitaka.

Kesho yake asubuhi tukawa majarubani, nikidhani kazi imekwisha. Nilimsahau Mama Fares.

Alikataa. Mgeni hapewi maji ya chini. Daktari akasema atachota mwenyewe, Mama Fares akamshika mkono, akamweleza kwa upole: mkono wa mgeni una sabuni na mafuta, ukiingia jarubani utando hautaganda wiki nzima. Kwa hiyo mgeni hachoti, na mwenyeji hampi. Nakhle alikuwa amesimama ukingoni na saa yake, anatabasamu kama mtu anayeangalia maziwa yakichemka.

Nilimvuta mjane pembeni. Nikamwambia halmashauri inakaa tena leo saa nne, bila maji mapya barua ya zamani inabaki, na mwezi ukiisha watamwaga saruji hapa kama walivyomwaga kwa baba yangu.

"Mitri, mwanangu," akasema, "unataka nimpe mtu masalia, halafu niseme nimeokoka?"

"Nataka umpe kazi yako, mama. Iko chini. Huko juu kuna vya mwenyekiti tu, vile vinavyopunga upepo."

Mama Fares alirudi ukingoni. Kisha akakunja mkono wa gauni, akaziba mdomo wa chupa kwa dole gumba, akaizamisha mpaka mwambani, kiwiko kikapotea, ndipo akaachia dole. Viputo vikapanda. Kila alipotoa chupa alimkabidhi daktari huku amegeuza uso, kama mtu anayemlipisha mgeni chakula. Mara kumi na mbili.

Daktari alipeleka ujumbe kikaoni kwamba barua yake ya kwanza imesimamishwa mpaka majibu yatoke. Yalitoka baada ya siku tisa: maji safi, ya kawaida kwa jaruba, barua imefutwa. Jioni ile ile Nakhle alitangaza kwenye ukumbi kwamba yeye, kwa juhudi zake, ameyanusuru majaruba ya mji. Wakampigia makofi. Nimeiandika tarehe.

Daktari alileta barua mpya kwa mkono wake. Alasiri ilikuwa tulivu, na juu ya jaruba la tatu utando ulikuwa umeganda bila ufa. Mama Fares hakuisoma barua. Alichukua ubao, akakwangua taratibu, akaufunga utando kwenye kitambaa cha mkate, akamwekea daktari mkononi.

"Haya, binti yangu," akasema. "Siku ile ulikuja kazini. Leo umekuja kwangu."