Asante Iliyomkwama Kokushubila

Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Temeke wa kuzaliwa, na sikuwahi kuota kwamba siku moja nitalala kwenye nyumba ya masista na kula chakula bila kusema neno. Wanaonijua wanajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kigumu zaidi kwangu. Lakini shoga yangu Kokushubila alikuwa anakwenda kwenye mafungo ya sala, afya yake haikuruhusu aende peke yake, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kuvumilia ukali wake. Nikafunga kanga zangu na msala wangu, nikamfuata.

Koku ni Mhaya wa Bukoba. Tumepakana ukuta hapa Kinyerezi tangu watoto wetu wakitambaa. Figo zake zilikufa zote mbili, na mwaka jana mdogo wake, Stephano, fundi wa kuchomelea mageti kule Wazo, akampa moja ya kwake. Operesheni ilikwenda vizuri, alhamdulillah. Tangu hapo Koku anameza dawa zake asubuhi na jioni, anakunywa maji mengi kama daktari alivyomwamuru, na nuru ya uso imemrudia. Lakini Koku hakutaka kumwona Stephano.

Hawakugombana, hata neno. Stephano akipiga simu, Koku anaitazama inaita mpaka inanyamaza. Akija mwenyewe, Koku anajichimbia jikoni na kugonganisha masufuria mpaka kijana wa watu anaaga. Na jumuiya yao ilipokuja kusali nyumbani kwake, kila aliyefungua mdomo alikuwa na lake: "Umshukuru sana mdogo wako," "Una bahati wewe, nani siku hizi ana ndugu kama yule." Mwishowe akaacha kwenda jumuiya, kisha akaacha na kanisa. Sasa ukoo ulikuwa umeandaa misa ya shukrani kule Wazo, Jumapili ya kutimiza mwaka tangu operesheni. Koku alitakiwa asimame mbele ya watu, aseme neno, amkabidhi Stephano zawadi.

"Nimpe nini, Mama Huda?" aliniuliza siku moja tukichambua mchicha. "Kitenge? Mbuzi? Mtu kakatwa mwili wake, mie nimpelekee mbuzi watu wapige vigelegele?"

"Mwambie asante tu, shoga."

"Asante nampa aliyeniazima kinu. Yule nimemlea mie. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni, nikamlisha, nikamsomesha. Leo nikimwona naona aibu, nikiona aibu nakasirika, nikishakasirika najiona mwehu. Wazo siendi."

Nina utani na Koku wa kila saa, lakini hapo sikutania. Niliogopa. Asipotokea siku ile, Stephano atajua mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake hamtaki, na kitu cha namna hiyo kikishachanika hadharani hakishoneki. Nikamwendea paroko wao mwenyewe, na hijabu yangu kichwani, nikamweleza. Yeye ndiye aliyesema Koku aende mafungo kwanza, kisha aamue.

Monasteri yenyewe iko mbele ya Chanika, kule ambako nyumba mpya zinaisha na mihogo inaanza. Tuliingia Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya misa ile. Sista wa wageni alinipa chumba kimoja na Koku, akanionyesha kibla hata kabla sijauliza, maana alikuwa ameshamuuliza mlinzi wao, ambaye ni Mwislamu mwenzangu. Nikampenda palepale. Kisha akatueleza taratibu za mezani, mapenzi yakapungua kidogo.

Mezani hakuna kuzungumza. Sista mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wanakula wakisikiliza. Na mtu hajimiminii maji wala hajichukulii chumvi. Anayekaa mbele yako ndiye anayekutazamia umepungukiwa nini, akupe, na wewe unamtazamia yeye. Asante haisemwi, kwa sababu hakuna kusema.

"Nikitaka pilipili je?" nikauliza.

"Mwenzako ataona."

"Asipoona?"

"Utakula bila pilipili, mama," akajibu akitabasamu.

Koku alikalishwa mbele ya Sista Editha, bibi mwembamba mwenye miwani minene. Jagi la maji lilikuwa katikati yao. Koku akamaliza glasi, Sista Editha akaijaza. Akamaliza tena, ikajazwa tena. Koku akafungua mdomo aseme asante, akakumbuka, akaufunga, akabaki kama mtu aliyemeza mfupa. Jioni ikawa vilevile. Ijumaa, kabla sista hajashika jagi, Koku akaifunika glasi yake kwa kiganja. Bibi wa watu hakukasirika. Alinyanyua jagi akasubiri, mkono unamtetemeka kwa uzito, mpaka Koku akaona haya akaondoa kiganja chake. Mimi nilikuwa nimejiuma shavu kwa kicheko.

"Yule bibi ananitesa," akaninong'oneza tulipofika chumbani.

"Anakumiminia maji, shoga, si tindikali."

"Mie ndiye ninayewamiminiaga watu, Mama Huda. Tangu nina akili zangu. Sikuzoea kukaa kama mtoto."

Kanisani nako alikuwa bure tu. Mimi nilijidai wa kwanza kuamka kwa ajili ya alfajiri, kumbe masista wameshatangulia, nawasikia wanaimba zaburi zao upande mmoja ukiitikia mwingine. Nikimaliza kuswali nachungulia kutoka barazani. Namwona Koku benchi la nyuma, mikono kaifumbata kifuani, mdomo kaubana. Sauti aliyonayo mwanamke yule, wallahi, ukisikia anaimba unasahau ulichokuja kufanya. Roho iliniuma. Nilimwomba Mungu kwa lugha yangu na kibla changu amfungulie mwenzangu, maana mwili ulikuwa umepona na mtu mwenyewe alikuwa bado anaumwa.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali, na tulipewa ugali wa moto na maharage. Mimi nilikuwa nashughulika na pilipili aliyonisogezea sista kijana wa mbele yangu, nikamwona Koku ameacha kula. Alikuwa anatazama glasi, na haikuwa ya kwake. Glasi ya Sista Editha ilikuwa kavu kabisa, kama ilivyotoka kabatini. Nikajaribu kukumbuka kama tangu tumefika nimewahi kumwona bibi yule akinywa maji mezani. Sikukumbuka hata mara moja.

Koku akashika jagi kwa mikono miwili, akamimina. Sista Editha akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akaiweka mezani. Koku akamimina tena. Ikanywewa tena. Alikuwa na kiu bibi wa watu! Safari ya tatu Koku alikuwa analia, maji yanamwagikia mezani, na hakuna aliyegeuza shingo. Msomaji aliendelea na kitabu chake.

Baada ya chakula wanaruhusiwa kuongea bustanini. Mimi ningepasuka.

"Shikamoo Sista. Hivi siku zote hizi ulikuwa unashinda na kiu?"

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Marahaba, mwanangu. Wageni wengi hawaoni. Nakwenda kunywa jikoni baadaye."

Koku hakucheka. "Sista, nilikuwa naangalia maji yangu tu."

"Ulikuwa mgonjwa," Sista Editha akasema, akamshika bega, akaenda zake kulisha sungura. Hakuongeza mahubiri, nami namshukuru kwa hilo.

Jioni ile Koku aliimba. Alianza chinichini akifuata, kisha sauti yake nzito ikatoka yote, na masista wawili watatu wakapoteza mstari wakitaka kugeuka. Nilikaa barazani nikalia peke yangu bila aibu. Walipomaliza alibaki amepiga magoti mpaka nikaenda kumkumbusha dawa.

"Ulikuwa unaomba nini muda wote huo?"

"Sikuomba. Nilikuwa namshukuru Mungu. Nimeanza na maji, nikaenda kwenye hewa, nikapita kwa wanangu, nikafika mpaka kwako na mdomo wako huo."

"Na Stephano?"

Akavuta pumzi. "Kwake nimefika, nikasimama. Sijui nimwambie nini. Lakini kesho twende."

Wazo tulikuta watu wamejaa uani kwa Stephano, kina mama wamevaa sare ya kitenge, mbuzi kafungwa utepe mwekundu shingoni kama bwana harusi. Shangazi mmoja alipotuona akapiga kigelegele, wengine wakadakia. Koku hakusimama. Akawapita wote, akamshika Stephano mkono, suti yake imempwaya mabegani, akamvuta mpaka ndani ya karakana yake, katikati ya mageti ambayo hayajaisha. Mimi nikafuata na mkoba wa dawa, nikasimama mlangoni kuzuia watu.

"Shikamoo, dada," Stephano akasema. Macho yalikuwa chini.

"Marahaba. Stephano, mwili wako ukoje?"

"Mie niko fresh, dada. Wa kuangaliwa ni wewe."

"Hilo ni jibu la watu wa nje. Mie nakuuliza: mwili wako ukoje?"

Kijana akanitazama, akatazama mageti yake, kisha akakaa juu ya rundo la vyuma na suti yake mpya.

"Nikinyanyua geti nachomwa hapa ubavuni mpaka machozi yanatoka," akasema. "Siku hizi vijana ndio wananinyanyulia, nawadanganya nimechoka. Na nikilala nikasikia tumbo limekaza, nakaa kitandani nawaza, na hii moja niliyobaki nayo ikifa je? Nina mtoto mdogo, dada. Sijutii. Naapa sijutii. Ila naogopa. Sijamwambia mtu, hata mke wangu."

"Kwa nini hukuniambia mie?"

"Nilikuwa napiga simu."

Koku akafunga macho. Nilidhani ataanguka, nikapiga hatua moja mbele. Stephano akaona alivyomuumiza, akajaribu kucheka. "Halafu nakujua wewe. Ningekwambia, ungesema nije niichukue figo yangu."

Dada mtu akacheka, kicheko na kilio vikatoka pamoja. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi la vyuma, na gauni lake la kanisani. Akamshika mdogo wake magoti, kama mtu anayemfunga mtoto viatu.

"Kesho tunakwenda wote kwa daktari wangu," akasema. "Sasa niambie. Inauma wapi? Tangu lini? Niambie yote."

Stephano akaanza kusema. Kwanza kidogokidogo, kisha kama mtu aliyefunguliwa bomba. Nje ngoma ilikuwa imeanza, na shangazi yule wa vigelegele akaja mbio akinisukuma mlangoni: padri ameshavaa, kanisa la jirani limejaa, wenye shukrani wako wapi?

Nikageuka. "Koku, wanawaita. Misa yenu."

Hakunitazama hata kunitazama.

"Waambie wasubiri," akasema. "Mdogo wangu hajamaliza."