Bi Harusi wa Kila Jumamosi

Ilizuka habari Muheza kwamba kuna bi harusi anayeolewa kila Jumamosi, na hakuna mtu aliyewahi kula pilau lake.

Mastura aliipata kwa shoga yake Khadija, muuza machungwa wa pale njia panda, mwanamke ambaye habari haimpiti bila kusimama imsalimie. Khadija alikuwa anamenya chungwa. Alisema bila kuinua macho:

"Umesikia ya bi harusi wa magari? Anatolewa Horohoro asubuhi, ana shela, ana maua, magari sita nyuma yake yanapiga honi. Wakifika Mkwaja anavua shela, anakunywa soda. Jumamosi ijayo anaolewa tena. Zimeshafika tatu."

"Anaolewa na nani?"

"Na mwendo. Bwana harusi ndiyo hiyo spidi."

Mastura alicheka. Khadija akakata chungwa katikati, akampa nusu, akaongeza kwa sauti ya chini: "Wanasema ni mtoto wa hapa hapa. Mpambaji."

Chungwa lile Mastura hakulila. Wapambaji wa maharusi Muheza siku zile walikuwa watatu wanaojulikana. Mmoja mtu mzima mwenye wajukuu, wa pili mjamzito wa miezi minane. Wa tatu alikuwa Sabiha, mwanawe wa pekee, miaka ishirini na miwili, yatima wa baba.

Mambo yenyewe yalikuwa ya kipuuzi kiasi kwamba mtu anaona haya kuyaeleza. Vijana saba wenye magari, mkubwa wao Marhun, wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wa asili ya Omani wenye mashamba ya minazi, wazee wake watu waungwana wa kuheshimika, walikuwa wakishindana kutoka mpakani Horohoro mpaka Mkwaja. Njia yenyewe ni hii hii wanayopita wagonjwa, wanafunzi na mbuzi. Ili trafiki wasiwasimamishe waliyapamba magari kwa utepe na maua ya plastiki, wakawasha taa za kumetameta, wakamweka msichana mwenye shela kiti cha nyuma. Ni nani Pwani hii atasimamisha harusi? Trafiki anapisha, anatabasamu, pengine anapunga mkono.

Na katikati ya hayo mashindano makubwa kuna mto. Hebu fikiri. Wanatoka Horohoro kama waliofukuzwa na nyuki, wanapita malori kwenye kona wasiyoona mbele, wanafika Pangani, halafu wanapanga foleni ya pantoni, kwa kuwa daraja jipya lilikuwa bado halijafunguliwa. Shujaa aliyetaka kumuua mwenye baiskeli kule nyuma ili apate dakika mbili, anakaa saa nzima nyuma ya kigari cha nazi akingoja maji yatulie. Wakishavuka wanaanza upya. Basi hiyo ndiyo mbio, na watu wazima wenye ndevu wanaiita historia.

Ujinga ungebaki wa hao saba, ungekuwa na nafuu. Lakini uliingia kwenye simu, na ukiingia kwenye simu umeingia jikoni. Mwenzao asiye na gari, Rahimu, kazi yake ilikuwa kukaa mbele kwa Marhun na kurekodi. Akatokea kijana akatia sauti ya singeli juu ya zile honi, ikapigwa kila kibanda cha kunyolea. Bajaji zikaandikwa mgongoni "Nipishe, Nina Bi Harusi". Watoto wa shule walifunga vitambaa kwenye tairi bovu, wakalisukuma huku wakimlazimisha mtoto wa kike mmoja akae njiani ajifanye trafiki. Hata kwenye harusi za kweli, zenye walii na mashahidi, bwana harusi alianza kumwambia dereva akanyage ili naye apate video. Mtu ameoa asubuhi, anataka kufa mchana.

Khadija alimwonyesha Mastura moja ya hizo video. Uso wa msichana hauonekani. Kinachoonekana ni mkono uliotoka dirishani ukipunga, una hina na piko, ile rangi nyeusi, mpaka kiwiko. Huku kwetu msichana asiyeolewa hupaka ua dogo la Idi kiganjani, basi. Hina ya kupanda mpaka kiwiko ina mwenyewe, na mwenyewe ni bi harusi.

Jioni ile Mastura alimkuta Sabiha anaosha vyombo, mikono ya gauni imeshuka mpaka vidoleni na imelowa.

"Kunja mikono, mwanangu. Unalowa."

"Sina neno, mama."

Mastura akamkunja mwenyewe, kama anavyokunjwa mtoto. Hina ilikuwepo, mikono yote miwili, nyeusi, imekolea.

"Hii ya nani?"

"Yangu. Nafanyia mazoezi mkono wangu."

"Wa kushoto sawa. Huu wa kulia umejichora kwa mkono gani? Wa kushoto huwezi hata kushikia kijiko."

Sabiha alisugua sufuria muda mrefu. "Kuna mwenzangu ananisaidia."

"Kuna habari njia panda."

"Muheza habari zimezidi machungwa, mama. Ukizisikiliza zote hutalala."

Kweli hakulala. Siku nne alizunguka na neno lile kifuani. Alifikiri kumwambia imamu, akaona imamu ana mke, na mke ana mdomo. Alifikiri kumwambia kaka yake, akaona kaka atampiga mtoto na mtaa wote utajua kwa nini. Polisi ndiyo kabisa. Msichana aliyekaa Jumamosi tatu ndani ya gari la wanaume kwa nguo ya harusi, nani atamposa tena? Mastura alitaka vitu viwili: mwanawe atoke kwenye gari lile akiwa hai, na mtu asijue kwamba aliwahi kuingia. Hicho cha pili kishikeni vizuri, kwa sababu ndicho kilicholeta msiba.

Ijumaa jioni Sabiha aliaga. Anakwenda kupamba harusi Tanga, atalala huko. Jumamosi alfajiri Mastura akaoga, akavaa doti mpya ya kanga, akajifukiza udi, akapachika kikuba cha asumini kifuani kama mwanamke anayekwenda shughulini, akapanda basi la kwanza la Pangani. Aliketi kwenye ngazi za duka karibu na pantoni, akangoja.

Walifika saa nne, honi zikiwatangulia. La kwanza gari jeupe la Marhun, mawaridi ya plastiki yamebandikwa kwa gundi ya karatasi, nusu yameshang'oka kwa upepo. Mastura alihesabu. Magari saba, wanaume kumi na tano, bi harusi mmoja. Hakuna somo, kungwi wa bi harusi. Hakuna shangazi, hakuna nyanya, hakuna hata jirani wa kumshikia shela. Wale vijana walikumbuka utepe, wakakumbuka honi, wakasahau kwamba bi harusi hatoki kwao bila mwanamke mtu mzima wa kukaa naye ubavuni. Wamezaliwa huku, wametahiriwa huku, wamekula karamu zote za huku, na hawakuwahi kutazama upande wa wanawake wakaona kinachofanyika.

Mastura akainuka, akatembea taratibu mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akaketi. Akaushika mkono wa bi harusi. Alijua ni wa nani kabla hajaushika.

"Samahanini wanangu, basi lilichelewa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka foleni ya nyuma. "Mimi ndiye somo wake."

Mwanamke mmoja mwenye tenga la samaki akajibu kutoka nje, "Ndiyo hivyo, bibi. Tulikuwa tunajiuliza hapa, bi harusi gani asiye na somo." Akapiga kigelegele, wenzake wakapokea. Trafiki aliyekuwa kivulini akasogea kutazama, anatabasamu.

Marhun aligeuka. Miwani myeusi, jasho puani. "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba."

"Bi mkubwa, sisi tuna haraka kidogo. Kuna gari jingine nyuma, lina nafasi."

"Somo hakai gari jingine. Mama yako hakukufundisha?"

Rahimu akamnong'oneza, "Tumtoe."

"Mtoe wewe," Marhun alisema kwa meno, "mbele ya trafiki na wauza samaki."

Chini ya shela Sabiha alinong'ona kwa hasira. "Mama, unaniaibisha."

"Bi harusi hazungumzi. Inama."

Wakavuka hivyo, pantoni ikiimba kwa vigelegele vya watu wasiojua wanamshangilia nani. Upande wa pili, Bweni, magari sita yalitoka kama mawe ya manati. La Marhun likabaki.

"Twende, baba," Mastura alimwambia. "Polepole. Maharusi huchafukwa na roho."

Marhun alitazama vumbi la wenzake. Akatazama simu ya Rahimu, ambayo ilikuwa inarekodi. Aibu ya kushindwa ikaizidi aibu ya kumkosea heshima mtu mzima, akakanyaga.

Mastura maisha yake yote hakuwa amekwenda hivyo. Minazi iliungana ikawa ukuta. Masikio yakaziba. Alitaka kusema shahada, ulimi ukakataa. Kitu kimoja tu alikisikia sawasawa: vidole vya Sabiha. Vilikuwa vimeukamata mkono wake kwa nguvu za mtu anayezama, vya baridi, na vilikuwa vimeshaijua njia, maana vilikaza kabla kona haijafika. Mtoto huyu alikuwa anaogopa. Aliogopa Jumamosi zote tatu, akapunga mkono dirishani ili watu wasiomjua wampende.

Kwenye kona ya tatu Mastura alitapika. Hakuigiza. Chai, chapati na maharage ya jana vilimshukia Marhun begani na shingoni, vingine vikaingia kwenye kola. Gari liliyumba, likasimama katikati ya barabara.

Marhun alivua miwani. Bila miwani alikuwa kijana wa kawaida tu mwenye macho mekundu. "Shukeni," alisema. "Shukeni wote wawili."

"Ahsante, baba," Mastura alijibu, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Walirudi Bweni kwa miguu, Sabiha amekunja shela kwapani kama shuka la kufua. Alitangulia mwendo wa nusu saa. Kisha akasema, "Nilikuwa nataka kuacha. Sikujua nawaambiaje." Mastura hakumlaumu. Nyumba ya kwanza waliomba maji, na mwenye nyumba alipoitazama ile nguo akauliza kama kuna ubaya. "Posa imevunjika," Mastura alisema, akamaliza.

Waliporudi Muheza, Mastura alimwambia Khadija kwamba Sabiha alikuwa na malaria huko Tanga, na kwamba ile habari ya mpambaji ni uzushi. Khadija, kwa heshima ya ushoga, akaacha kuisema. Uvumi ukafa. Mastura alilala usingizi mzuri, akamshukuru Mungu aliyemsitiri. Ndivyo tulivyolelewa: la ndani lifunike.

Wiki mbili baadaye walimweka msichana mwingine kwenye kiti kile. Shahd, wa Horohoro, miaka kumi na tisa, binti wa mjane anayeitwa Tausi. Kabla ya Mkwaja gari liliacha njia, likabiringita mara tatu. Marhun alipata mkwaruzo juu ya nyusi. Shahd alivunjika mgongo.

Usidhani waliacha. Marhun alijipiga picha na plasta yake ndogo, miwani mipya, akaandika kwamba Mungu mkubwa, watarudi. Watu elfu na elfu wakampa pole, wakamwita jasiri. Jasiri, kwa mkwaruzo wa kunyolea. Yule kijana wa singeli akautia mlio wa vyuma kwenye wimbo wake, na nyinyi mkaucheza. Jina la Shahd halikutajwa popote.

Mastura aliipata kwa Khadija, akaenda hospitali Tanga na chupa ya uji, akajitaja kuwa ni mama wa Sabiha. Tausi alikuwa mwembamba, mpole, anampepea mwanawe kwa kipande cha boksi.

"Wewe ndiye uliyetapika," Tausi alisema. "Mwanangu alinihadithia. Wale vijana walikuwa wakimsimulia njia nzima, wakikucheka."

"Ni mimi."

"Kwa hiyo ulijua wiki mbili kabla."

"Nilikuwa namsitiri wangu, dada."

"Na wangu ulimwachia nani?"

Hakupandisha sauti. Alimwomba tu Mastura amshikie miguu ya Shahd wakati anamgeuza ubavu wa pili, kwa sababu muuguzi alikuwa mbali. Mastura aliishika. Ilikuwa mizito, na Shahd alikuwa anatazama ukuta, hajui kama ameshikwa.

Aliporudi alimwita Sabiha, akamwambia achukue daftari aandike, na watu wakisema waseme. Sabiha aliuliza, "Niweke na jina langu?" Mastura akamsogezea kalamu, akasema, "Weka." Karatasi ile ilibandikwa kibandani kwa Khadija na kwenye saluni zote tatu, na ilisomeka hivi:

Usimwache binti yako aende kupamba au kupambwa kwenye harusi ambayo hujui jina la bwana harusi na kwao ni wapi.

Usiingie gari la harusi lisilo na mwanamke mtu mzima.

Usimchore hina ya bi harusi msichana asiyeolewa, hata akisema ni mazoezi.

Usipige kigelegele kwa msafara usiojua unatoka nyumba gani.

Usikae garini na mtu anayeendesha kwa ajili ya simu.

Usisambaze video zao, usicheze wimbo wao, usiandike maneno yao kwenye bajaji.

Usimwite jasiri mtu aliyemvunja mwenzake.

Usiache watoto wala mifugo barabarani Jumamosi ukisikia honi nyingi zinakuja pamoja.

Usifiche unalolijua kwa sababu mtoto wako ameshatoka salama.