Amplifaya ya Kipkemboi

...haijatosha bado, inakohoa tu kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani, akawaza Ephantus, akainama tena juu ya amplifaya iliyolala chali mezani, tumbo wazi, valvu zake za glasi zikiwaka rangi ya kaa la moto, "Gonga tena," akasema, na Kipkemboi, mpiga gitaa wa hoteli ya kule karibu na stesheni, aliyeketi juu ya kreti la soda, akagonga uzi mmoja kwa uoga kama mtu anayegusa jipu, akasema, "Mzee, hiyo imetosha, wachia hapo tu," imetosha wapi, vijana hawa wanapigia walevi nao wenyewe nusu walevi, watajuaje sauti iliyoshiba, na si yeye mwenyewe aliyekuja na ombi lake, gitaa lipate ukali kidogo, lingurume akifika kwenye solo, maana Jumamosi kelele za wateja zinalimeza, na Ephantus akaona kazi yenyewe ni rahisi, akang'oa valvu ya mbele, ile inayopokea sauti ya gitaa, akaweka nyingine kali zaidi, Kipkemboi akapiga akacheka peke yake akasema hapo ndipo, Mzee, lakini Ephantus hakupaona hapo, akaongeza kapasita mguuni mwa valvu ili ipumue vizuri, bado, akakata ule waya unaorudisha sauti nyuma na kuizuia isipande, bado, na leo amechoka, mgongo umechoka, macho yamechoka na moshi wa risasi ya kuchomelea, lakini fundi hawezi kutoa kazi inayokohoa, jina lake limeandikwa hapo nje juu ya mlango, kubwa, fundi wa redio na gramafoni, Eldoret nzima inajua kwamba Ephantus haangalii mtambo, anausikiliza, anainamisha kichwa hivi, anasema valvu ya tatu, na inakuwa ni ya tatu...

Na sasa huyu naye. Wamucii, mke wake, ameingia na kiondo begani, amezunguka meza yote mpaka akaja kusimama mbele yake, uso kwa uso, desturi mpya hii, zamani alikuwa akimwita kutoka jikoni nyuma ya duka naye akajibu bila kuinua kichwa, siku hizi lazima aje amsimamie kama karani wa mahakama, uzee unawafanya wanawake wagomvi, na midomo inakwenda, "...Jumamosi, Baba Nyaguthii, watu wa kampuni... kuokota namba za mashamba... Gerishon," haya, ni habari ya shamba tena, ni shamba kila siku, ile sehemu yao kule Burnt Forest ambayo kampuni ya ununuzi wa ardhi inagawa sasa kwa kura, kila mwenye hisa aokote namba yake na ahamie, asiyehamia ampe nduguye, na ndugu wa Wamucii, Gerishon, anamezea mate hiyo ardhi waziwazi, na Ephantus alishamjibu mkewe tangu siku ile waliponunua, mbele ya watu, akijipiga kifua, kwamba siku masikio yangu yatakapokataa kazi ndiyo nitashika jembe, si kabla ya hapo, watu wakacheka, Wamucii pia akacheka, na ni kweli, mtu aliyetoka katika mashine za mbao za Kaburu kule Turbo akajipatia duka mjini arudi tena kwenye matope kufanya nini, kuimbia viazi? "Nimesikia," akamwambia, "Kipkemboi, gonga, na sasa gonga kwa nguvu!"

Kipkemboi akamtazama Wamucii kwanza, kwa nini amtazame Wamucii, kisha akagonga nyuzi zote, na Ephantus akasikiliza kichwa kikiwa upande, blanketi, blanketi tu, akanyoosha mkono kuchukua chai yake pembeni mwa meza, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu chai ilikuwa inacheza kikombeni, viduara ndani ya viduara, na skrubu alizozipanga kwenye kifuniko cha bati zilikuwa zikirukaruka kama njugu kwenye kikaango, na bati lile halikulia. Skrubu zinaruka juu ya bati na bati halilii. Akatazama mlangoni, ng'ambo ya barabara Priscah mshonaji ameacha cherehani, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, anacheka, anatikisa kichwa... Priscah, ambaye cherehani yake ilikuwa ikimkera Ephantus mchana kutwa, mpaka mwaka huu alipomshukuru kwa kuitia mafuta, ahsante mama, sasa tunapumzika, naye akamkazia macho kama mtu aliyesalimiwa kwa jina la mwingine, hakuitia mafuta, hakuitia mafuta hata kidogo, na mvua, ee Mungu, mvua za mwaka huu alizosema hazina nguvu, zinadondoka kwenye mabati kwa adabu, huku barabara imegeuka mto na lori zimekwama mpaka ekseli, ilikuwa ikinyesha ile ile, ni yeye ndiye aliyekuwa hayupo... na msumeno wa Turbo, ule msumeno mkubwa wa kupasua mbao, miaka ile yote akiwa amesimama kando yake kijana mwenye meno yote, na mzee Wangila waliyemkuta pale, aliyekuwa akijibu ndiyo kwa kila kitu, wakamuuliza Wangila, leo umekula punda, ndiyo, Wangila, mkeo amekupiga, ndiyo, ndiyo, akitabasamu, na nani aliyecheka kuliko wote, nani aliyegaragara kwenye unga wa mbao kwa kicheko, si Ephantus? Anaogopa. Anaogopa kweli, maana nani atamletea redio fundi asiyesikia, na mikono hii inajua nini kingine, na Kipkemboi anajua, ndiyo maana anagonga kwa uoga, hataki kumtia mzee aibu, na Wamucii... Wamucii anayezunguka meza yote. Anayemsimamia usoni ili amwone midomo. Aliacha kuita kutoka jikoni, lini, hakumbuki, aliita akaita akakosa jibu, hakununa, hakusema neno kwa mtu, akaanza tu kutembea mpaka alipo, kila siku, na sufuria mkononi, na unga vidoleni, akambebea siri yake mwenyewe kabla yeye hajaijua, na habari ya shamba ni kila siku kwa sababu anamwachia mlango wazi, apite kama mtu anayekwenda mwenyewe, si kama aliyeshindwa, na yeye akamwita mgomvi.

Valvu zinawaka. Kipkemboi ameweka kiganja juu ya nyuzi, anangoja. Chai imetulia. Wamucii bado amesimama palepale, kiondo begani, na midomo inakwenda taratibu, neno kwa neno, kama anavyomsemesha siku hizi, na Ephantus anajua ni swali lile lile analomuuliza mwishoni kila mara, anaona umbo lake midomoni, umesikia, Baba Nyaguthii, na jibu lake la kila mara limeshafika kwenye ulimi lenyewe, limezoea njia, analimeza, anaweka chini chuma cha kuchomelea, anamtazama machoni.

"Sikusikia," akasema.